Moshi wa Malori na Haki ya Mshika Usukani



Katika toleo hili tumeona vema kusema juu ya jambo ambalo wengi wetu tunalipita kila siku barabarani bila kulihesabu kuwa ni suala la haki, nalo ni moshi wa magari ya mizigo katika jiji letu la Dodoma. Wako watakaoshangaa. Watasema kwamba Tume ya Haki na Amani ina mashauri ya ardhi, ina wajane walionyang'anywa mashamba, ina watoto wanaochunga ng'ombe wakati wenzao wako darasani. Lori na moshi wake vinaingiaje hapo? Tunajibu kwamba vinaingia kwa mlango uleule. Mahali popote ambapo faida inakwenda kwa mmoja na madhara yanabebwa na mwingine, hapo pana swali la haki, na sisi hatuna budi kuliuliza.

Nchi hii ya kati imekuwa njia ya mizigo tangu zamani. Katika karne ya 19 wapagazi kutoka Unyamwezi walipita Ugogo na pembe za ndovu mabegani wakielekea Bagamoyo, na watemi wa Ugogo waliwatoza hongo kwa ajili ya maji na chakula. Mwaka 1910 reli ilifika Dodoma, na mzigo ukahama kutoka mabega ya watu kwenda kwenye mabehewa. Siku hizi sehemu kubwa ya mzigo huo iko juu ya malori. Barabara itokayo Dar es Salaam kwenda Singida, na mbele yake Rwanda, Burundi na Kongo, inakutana hapa Dodoma na ile itokayo Iringa kwenda Babati na Arusha, ambayo kipande chake cha Dodoma hadi Babati kilizinduliwa kikiwa na lami mwaka 2018.

Pamoja na malori ya masafa marefu, jiji lenyewe limekua upesi. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi hapa ulifanywa mwaka 1973, lakini ni tangu mwaka 2016 ndipo Serikali ilipohamia kwa vishindo, na mwaka 2018 Dodoma ikapewa hadhi ya jiji. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu wakazi 410,956. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu 765,179. Watu hawa wanajenga na wanakula. Saruji, nondo, kokoto na mchanga vinakwenda Mtumba na Nala. Mahindi yanatoka Kibaigwa. Mboga, viazi na ndizi vinashushwa Soko la Ndugai kule Nzuguni na kusambazwa Majengo, Sabasaba na Chang'ombe. Kuna semi-trela, kuna Fuso na Canter, kuna vikirikuu na matoyo. Bila magari haya jiji lingelala njaa. Kwa hiyo hatuandiki ili kuyalaani malori, wala kuwalaani wanaoyaendesha.

Moshi unamfikia nani?

Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa takriban kilo 2.7 za hewa ya ukaa. Msomaji asishangae kwamba uzito huo unazidi uzito wa lita yenyewe, kwa sababu kaboni iliyomo katika mafuta huungana na oksijeni ya hewa inayovutwa na injini. Hewa hiyo haionekani kwa macho. Tunachokiona ni masizi, yaani chembe nyeusi zinazotoka pale injini inapokosa hewa ya kutosha, nozeli zinapochoka, au dereva anapokanyaga mafuta kwa nguvu ili kuondoa mzigo mzito kutoka mahali pa kusimama.

Mwezi Juni mwaka 2012 taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani ilitangaza kwamba moshi wa dizeli unasababisha saratani kwa binadamu. Nchi za Afrika Mashariki, na yetu ikiwamo, zilipiga hatua njema tangu Januari 2015 kwa kukubali dizeli yenye salfa kidogo zaidi. Lakini mafuta safi katika injini iliyochakaa ni sawa na maji safi katika mtungi mchafu. Malori mengi ya mjini yaliingia nchini yakiwa yametumika kwingine kwa miaka mingi, na chujio la hewa katika vumbi la Dodoma huziba upesi kuliko kitabu cha mtengenezaji kinavyosema.

Basi moshi huo unamfikia nani? Unamfikia mama lishe mwenye meko yake ukingoni mwa barabara, kijana anayeuza maji na karanga kwenye foleni, mtoto anayerudi shule kwa miguu, na askari wa usalama barabarani asimamaye juani saa nyingi. Unamfikia utingo aliyekaa juu ya mzigo. Karibu wote hao hawana gari. Na hewa ya ukaa, ijapokuwa haichagui nyumba, huchangia kuharibu majira ya mvua, na hapa petu mkulima wa mtama na uwele ana msimu mmoja tu wa mvua kwa mwaka. Msimu huo ukivurugika hana wa pili wa kumwokoa. Papa Fransisko, katika waraka wake wa mwaka 2015, Laudato Si', alifundisha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini ni vya kusikilizwa pamoja. Barabara ya kupita Kizota yatosha kuwa mfano wa mafundisho hayo.

Mguu wa dereva

Wengi tunadhani kwamba dawa ya moshi ni magari mapya, na kwa kuwa magari mapya ni ghali, tunakata tamaa. Magari mapya yanasaidia, ni kweli. Hata hivyo iko dawa nyingine iliyo karibu zaidi, nayo ni mguu na mkono wa dereva. Lori lilelile, lenye mzigo uleule, katika njia ileile, laweza kutumia mafuta mengi au machache kwa kadiri linavyoendeshwa. Uzoefu wa nchi nyingi waonyesha kwamba madereva waliofundishwa kuendesha kwa kubana mafuta huokoa mara nyingi kati ya asilimia 5 na 10.

Mambo yenyewe si ya ajabu. Dereva mzuri hutazama mbali. Akiona foleni au taa nyekundu mbele, huondoa mguu kwenye mafuta mapema na kuliacha gari lipungue mwendo lenyewe, badala ya kukimbia hadi karibu kisha akafunga breki. Kila mara tani nyingi zinaposimamishwa kwa breki, mafuta yaliyotumika kuzisukuma yamegeuka joto na kupotea, na lazima mengine yaungue kuzisukuma upya. Ndiyo sababu kilomita moja ya mjini hula mafuta kuliko kilomita moja ya porini. Hupandisha gia mapema, injini isipige kelele bure. Hushika mwendo mmoja. Hukagua upepo wa matairi kabla ya safari, maana tairi laini huvuta gari nyuma. Na anaposubiri kupakiwa au kushusha, huzima injini mara inapokuwa imepoa, kwa maana lori kubwa lililosimama huku linaunguruma hunywa lita 2 hadi 3 kwa saa bila kusogeza hata gunia moja.

Hapa yafaa tuonye juu ya kosa moja linalodhaniwa kuwa ni akiba. Wako madereva ambao, wakiteremka mlima kama Sekenke kule Iramba, huondoa gia na kuliacha lori liserereke. Katika injini za kisasa hakuna faida yoyote. Gari likiwa ndani ya gia na mguu umeondoka kwenye mafuta, injini hukata mafuta yenyewe na wakati huohuo hulishikilia gari. Likiwa halina gia, injini huendelea kunywa ili isizimike, na kazi yote ya kulizuia gari huachiwa breki, ambazo zikipata moto hushindwa. Uendeshaji wa kubana mafuta na uendeshaji wa kulinda uhai ni kitu kimoja.

Tuchukue mfano wa hesabu. Lori linalotumia lita 45 kwa kilomita 100 litahitaji lita 200 na kidogo kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma. Akiba ya asilimia 10 ni lita 20, yaani zaidi ya kilo 50 za hewa ya ukaa ambazo hazikuingia angani kwa safari moja ya kuja. Mwenye gari atafute bei ya dizeli inayotangazwa na EWURA kila mwezi, azidishe kwa safari za mwaka, naye ataona kwamba jambo hili si la wanamazingira peke yao.

Lakini mafunzo yana udhaifu mmoja. Miezi michache ikipita, dereva hurudia mazoea yake kama hakuna wa kumkumbusha. Hapo ndipo vifaa vya kielektroniki vinapopata nafasi yake.

Kifaa kinamtumikia nani?

Kifaa cha ufuatiliaji ni kisanduku kidogo kinachofungwa ndani ya gari. Kwa msaada wa satelaiti hujua gari liko wapi na linakwenda mwendo gani; kikiunganishwa na injini na tangi, hujua pia ni mara ngapi breki zimefungwa ghafla, injini imeunguruma muda gani gari likiwa limesimama, na mafuta yamepungua kiasi gani. Habari hizo husafirishwa kwa mtandao wa simu hadi ofisini.

Nchi yetu si ngeni kwa mambo haya. Mabasi ya mikoani yamefungwa vifaa vinavyoiwezesha LATRA kufuatilia mwendo wao, na madereva wake wana kitufe cha utambulisho kinachoonyesha ni nani aliyeshika usukani. Mamlaka ya Mapato hufunga lakiri za kielektroniki kwenye mizigo ipitayo kwenda nchi jirani, ili isishushwe njiani bila kulipiwa kodi. Mizani ya Nala hupima uzito ili kulinda lami, na kwa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 lori lisizidi tani 56 hata likiwa na ekseli nyingi. Matajiri wengi wa malori nao wamefunga vifaa vyao wenyewe ili kuzuia wizi wa mafuta.

Ukitazama orodha hiyo utaona kwamba kodi ya Serikali inalindwa, lami inalindwa, mali ya tajiri inalindwa, na kwa upande wa mabasi, jambo la kushukuru, abiria nao wanalindwa. Kifua cha mama lishe na uchovu wa dereva wa lori bado havijapewa mlinzi, ijapokuwa kisanduku hichohicho kingeweza kufanya kazi hiyo bila kuongezwa chochote isipokuwa nia. Kinajua tayari ni saa ngapi lori limeunguruma bure nje ya ghala. Kinajua tayari kwamba dereva huyu ameendesha usiku kucha. Haulizwi mtu, kwa hiyo hakisemi.

Wakati mwingine kinasema, lakini kwa lugha ya fimbo. Dereva huitwa ofisini, huonyeshwa mistari kwenye kompyuta asiyoielewa, kisha hukatwa posho. Sisi hatutetei wizi. Dereva anayenyonya mafuta kwenye tangi na kuyauza kando ya njia anaiba, na jina lake ni hilo. Lakini tuseme pia ukweli wa upande wa pili. Mtu aliyeajiriwa kwa maneno ya mdomo, bila mkataba, anayelipwa kwa safari na kudaiwa afike kabla ya jua kuchomoza, ataendesha kwa pupa, maana mwendo wa pupa ndio unaomlisha. Ukimfungia kifaa bila kubadili malipo yake, unamwamuru atembee taratibu na wakati huohuo unamlipa kwa kukimbia. Haitachukua muda atajifunza kuchomoa waya.

Tukumbuke mwaka 2015. Mwezi Aprili, na tena mwezi Mei, madereva wa mabasi na malori waligoma nchini kote. Walikataa sharti la kurudi darasani kila wanapohuisha leseni, na walidai mikataba ya ajira. Wengi waliwaona kama watu wasiopenda elimu. Sisi tunasoma somo tofauti: mafunzo yanayoletwa kama adhabu, kwa gharama ya yule asiye na mkataba, hukataliwa hata yakiwa mema. Jambo hili la kuendesha kwa kubana mafuta lisije likaletwa kwa njia hiyo.

Sheria tunazo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki na inamtaka mwajiri aandike masharti ya kazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatambua kwamba habari zinazokusanywa juu ya mtu haziwi mali ya kuchezewa na anayezikusanya. Huko Ulaya, tangu Mei 2006 malori mapya yamefungwa kifaa cha kielektroniki kinachoandika saa za kuendesha, na dereva aliyekwisha kuendesha saa nne na nusu hana budi kupumzika dakika 45. Kifaa kile kinamshuhudia dereva mkosaji, na kinamshuhudia pia tajiri aliyemlazimisha kuendesha akisinzia. Shahidi wa namna hiyo, asemaye kwa pande zote mbili, ndiye tunayemtaka hapa.

Tunapendekeza nini?

Kwanza, kwa wenye malori. Tunajua kwamba wengi wenu si matajiri wakubwa. Mna Canter moja au Fuso mbili, na mkopo wa benki uko mgongoni. Kifaa kina gharama, na ada ya kila mwezi haikosekani. Lakini gharama hiyo inarudi kwa mafuta yasiyoungua, endapo dereva ana sababu ya kuyaokoa. Mpeni mkataba. Pimeni matumizi ya kila gari kwa mwezi mmoja kabla ya kubadili chochote, kisha akiba itakayopatikana igawanywe, na sehemu ya dereva iandikwe wazi. Habari za kifaa zisomwe pamoja naye, aruhusiwe kueleza mlima, matope na foleni, kabla ya hukumu yoyote.

Pili, kwa madereva. Kazi yenu ni ya ufundi, nao ufundi unajifunzwa hadi uzeeni. Ulizeni mafunzo katika vyuo vya VETA na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, na mzee wa kazi amfundishe kijana anayeanza. Anayeokoa mafuta kwa mguu mwepesi hana haja ya kuyauza gizani.

Tatu, kwa viongozi wa jiji na mamlaka. Barabara ya mzunguko wa nje yenye kilomita 112.3, iliyowekewa jiwe la msingi Februari 2022, imekusudiwa kuondoa malori ya masafa marefu katikati ya jiji. Isije ikajengwa vibanda na maduka pande zote hata ikageuka mtaa mwingine wa foleni. Reli ya umeme, ambayo treni zake za abiria zilifika Dodoma Julai 2024, ni baraka kwa mizigo pia, lakini shehena ikishuka stesheni itahitaji gari la kuifikisha dukani, na mwendo huo wa mwisho ndio wenye moshi mwingi. Kwa hiyo masoko na maghala yapangiwe saa za kupakua, ili magari yasipange foleni yakiunguruma. Pawekwe maegesho yenye kivuli, maji na choo, kwa kuwa dereva asiye na mahali pa kupumzika huacha injini ikiwaka na kulala ndani yake. LATRA nayo iyatazame malori kama ilivyoyatazama mabasi. Jirani zetu wa njia ya Mombasa walianzisha mpango wa usafirishaji safi wa mizigo mwaka 2017, na mafunzo ya uendeshaji wa namna hii yakawa sehemu yake. Taifa letu, lililoahidi mwaka 2021 kupunguza gesijoto kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo mwaka 2030, lisiwe la mwisho katika ukanda huu.

Nne, kwetu sisi waamini. Parokia zetu hukodi malori kila mwaka: mchanga wa kigango, mabati, mahindi ya msaada, waamini wanaokwenda hija. Tukimshurutisha dereva abebe safari mbili katika moja, au afike kwa saa isiyowezekana, sisi ndio tuliokanyaga mafuta. Kamati za ujenzi ziulize kabla ya kukodi: gari limekaguliwa? Dereva ana mkataba? Mzigo wetu unaweza kuchanganywa na wa kigango jirani ili gari lisirudi tupu?

Tunaombeni mambo haya yajadiliwe katika jumuiya ndogondogo mwezi huu, kwa kufuata maswali yafuatayo, na majibu yaletwe kwa katibu wa Tume katika parokia:

1. Katika mtaa wetu, ni mahali gani malori husimama yakiunguruma kwa muda mrefu, na ni akina nani wanaoishi au kufanya kazi hapo?

2. Je, wako madereva au matingo katika jumuiya yetu? Wanafanya kazi saa ngapi, na wana mkataba ulioandikwa?

3. Je, yuko mwenye gari la mizigo miongoni mwetu ambaye angekubali kujaribu kwa miezi mitatu kupima mafuta na kugawana akiba na dereva wake?

4. Parokia yetu ilikodi magari mangapi mwaka uliopita, na tuliyakodi kwa masharti gani?

Ikiwa jumuiya moja itampata mwenye gari mmoja na dereva mmoja wa kuanza nao, tutayachapa matokeo yao katika toleo lijalo, lita kwa lita, ili wengine wayaone na kuyapima wenyewe.